Chuo cha Garissa hakikuanza 2015

Kila chuo Kenya kina jina lake mtaani. Egerton ni kilimo, tangu enzi za wazungu. JKUAT ni injinia wa Juja. Maseno watakuambia kiko pale ikweta inapopita. UoN ni makomredi na mawe, hata kama siku hizi wametulia. Halafu kuna Garissa. Mtaje tu Garissa University mbele ya watu, uone sura zinavyobadilika. Hakuna atakayekuuliza wanafundisha nini pale. Garissa kinajulikana kwa tarehe: 2 Aprili 2015.

Mimi ni mtoto wa Garissa. Niliacha chuo mwaka wa pili, chuo kingine kabisa, karo ikiwa imenishinda, kwa hivyo usifikirie nimelipwa kukitangaza hiki. Ila kila nikiweka video ya mji wetu, hata kama ni video ya mtu anauza anjera Soko Mugdi, lazima kuna msee atashuka kwenye komenti na kuandika kitu kuhusu Al-Shabaab, na mwingine atauliza, "Kwani hicho chuo bado kiko?" Kiko. Na leo nataka nikuhadithie kilitoka wapi, kwa sababu stori ambayo wengi wanaijua inaanza alfajiri ya Alhamisi moja na kuisha jioni yake. Ni kama kumjua mtu kwa siku aliyopata ajali peke yake.

Itabidi turudi nyuma sana kidogo. Vumilia.

Hii sehemu yote, Garissa, Wajir, Mandera, na pia Isiolo, Marsabit na Moyale, Waingereza waliiita Northern Frontier District. NFD. Mwaka 1926 walitunga sheria ya kuifanya wilaya iliyofungwa. Maana yake ni hii: huwezi kuingia wala kutoka bila kibali maalum. Mwaka 1934 wakaongeza nyingine ya kuwapa maafisa wao nguvu zaidi za kuzuia watu na kuwaadhibu. Kwa Waingereza huku kulikuwa ukuta wa mchanga tu, wa kuwatenga na Waitaliano na Wahabeshi waliokuwa upande wa pili. Mahali unapopafanya ukuta hupajengei shule. Wakati wamishonari wanashindana kujenga shule Kikuyuland na Nyanza, huku kulikuwa na kambi za askari na visima.

Uhuru ulipokaribia, mwaka 1962 wakaleta tume kuuliza watu wa NFD wanataka nini. Wengi, hasa Wasomali, walisema wanataka kwenda na Somalia. Waingereza wakasikia, wakaandika, wakaondoka. Kenya ikapata uhuru Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa huku. Vita vya Shifta vikaenda mpaka 1967. Vita viliisha lakini zile sheria za hatari hazikuisha. Zilikaa mpaka 1991. Hebu ifikirie hiyo. Mtu aliyezaliwa Garissa 1964 alifikisha miaka 27 kabla ya kuishi siku moja chini ya sheria zile zile anazoishi nazo mtu wa Nyeri.

Katikati ya hayo, mwaka 1965, serikali ikatoa karatasi maarufu ya sera, Sessional Paper namba 10. Ukiipunguza kwa lugha ya mtaani inasema hivi: pesa za maendeleo zipelekwe mahali ambapo zitazaa haraka. Yaani penye mvua, reli na shamba. Huku kwetu penye ngamia, subirini. Kuna watu wanashangaa kwa nini wazee wa huku bado wanasema "naenda Kenya" wakipanda basi la Nairobi. Si utani, na wala si uasi. Ni kilomita 370 hivi kutoka Garissa mpaka Nairobi, na kwa miaka mingi ukivuka daraja la Tana ulikuwa unavuka mpaka ambao hauko kwenye ramani.

Na kuna jambo moja la kuhusu shule na mji huu ambalo huwezi kulipata kwenye kitabu cha historia cha darasani. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliingia mitaani. Bulla Kartasi ikachomwa. Watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi, wakakaa pale siku tatu juani, bila chakula na bila maji. Kama hujawahi kukaa juani Garissa hata dakika ishirini, sijui nikuelezee vipi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika kwenye ripoti yake ya 2013, pamoja na Wagalla ya Wajir, Februari 1984, ambako watu waliwekwa kwenye uwanja wa ndege. Ayeyo wangu hazungumzii 1980. Ukimuuliza, anauliza kama umekula.

Kwa hivyo mtu akiniambia chuo ndicho kilicholeta maafa Garissa, au kwamba damu ilimwagika kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa shule mwaka 2015, mimi najua hajui. Miaka 35 kabla ya hapo, kwenye mji huo huo, waliowaweka watu kwenye uwanja wa shule walikuwa na sare za serikali.

Sasa tuje kwenye chuo chenyewe.

Pale kilipo leo, nje kidogo ya mji, palikuwa na Chuo cha Ualimu cha Garissa, Garissa TTC. Unasoma miaka miwili, unatoka na cheti cha P1, unatumwa kufundisha shule ya msingi. Si chuo cha kuringia. Hakuna mtu aliyeweka picha yake akiwa TTC kwenye ukuta wa sebule. Lakini huku P1 alikuwa mtu mkubwa. Abti wangu alipitia pale. Alipelekwa shule ambayo ilikuwa na madarasa mawili na mti, akafundisha darasa la kwanza mpaka la nne, masomo yote, na jioni akawa ndiye anayewasomea watu barua zao za hospitali. Alikuwa mwalimu, karani na wakati mwingine kadhi wa ugomvi wa maji. Usiniulize mshahara.

Walimu wengi wa mkoa huu lakini walikuwa wanatoka daun Kenya. Kisii, Meru, Ukambani, Nyanza. Walikuja na sanduku na redio, wakajifunza kusema "nabad" na kunywa chai ya maziwa ya ngamia. Kuna watu wazima huku, maprofesa na wabunge, waliofundishwa kuandika majina yao na mtu wa Kisii. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Mwaka 2011 serikali ikakibadilisha kile chuo cha ualimu kuwa Garissa University College, chini ya Moi University. Ndicho kilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha umma mkoa mzima wa kaskazini mashariki. Miaka 48 baada ya uhuru. Kaunti tatu, eneo kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya, na mpaka wakati huo mtoto akipasi KCSE alikuwa na njia moja tu: panda basi.

Wazazi wa huku mtu akiwaambia binti yao aende kuishi Nairobi au Eldoret peke yake miaka minne, wengi walikuwa wanasema hapana, bila hata kugombana. Chuo kikiwa Garissa, ile hapana inakuwa ngumu kuisema. Sijui kama mheshimiwa aliyesaini ile karatasi ya 2011 aliwaza hivyo, lakini hiyo ndiyo kazi chuo kilifanya ambayo haionyeshwi kwenye jedwali lolote.

Na wakaja makomredi. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Wanafunzi wengi wa kile chuo hawakuwa wa Garissa. Waliletwa na mfumo wa kugawa nafasi za vyuo. Umeandika kozi, umepata pointi, mfumo unakutupa unapokutupa. Msichana wa Bungoma anafungua barua yake, anasoma Garissa, nyumba nzima inanyamaza. Anakuja hata hivyo, kwa sababu kuacha nafasi ni kuacha nafasi. Anakuta joto, anakuta anapata nyumba ya bei poa, anakuta msikiti unamwamsha saa kumi na moja, anaanza kuuza chapati kwa wenzake. Mji nao ukaanza kuwazoea. Vibanda vya chakula vikaongezeka, bodaboda wakapata safari ya kila siku, wenye nyumba wakagundua kwamba mwanafunzi hulipa kwa semesta. Karibu wanafunzi 800 kwenye mji ambao uchumi wake ni mifugo na duka, hicho si kitu kidogo.

Kozi kubwa ilikuwa ualimu. Bado kile chuo kilikuwa kinafanya kazi ya TTC, ila kwa digrii.

Nitaieleza ile siku kwa kifupi. Kuna watu wanaotengeneza video za dakika arobaini na muziki wa kutisha na mishale myekundu. Mimi siwezi. Na majina ya waliofanya sitayaandika hapa, wana nafasi ya kutosha kwenye intaneti.

Alhamisi, 2 Aprili 2015, kesho yake ikiwa Ijumaa Kuu. Watu wanne wenye bunduki waliingia alfajiri, kama saa kumi na moja unusu, wakawapiga risasi walinzi getini. Wakakutana na wanafunzi waliokuwa kwenye sala ya asubuhi ya Christian Union. Halafu wakaenda mabwenini, wakawatenganisha wanafunzi Waislamu na Wakristo. Kambi ya jeshi iko hapo hapo mjini. Kikosi cha Recce, ambacho kazi yake hasa ni shughuli kama hiyo, kilitoka upande wa Nairobi na kufika mchana, na kilipoingia bwenini jioni hakikuchukua muda mrefu kumaliza. Zile saa katikati ndizo familia zimekuwa zikiulizia tangu siku ile. Waliuawa watu 148: wanafunzi 142, polisi watatu na wanajeshi watatu. Ni shambulio lililoua watu wengi zaidi Kenya tangu bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi mwaka 1998.

Ukisoma wasifu wa wale wanafunzi ulivyochapishwa magazetini wiki zilizofuata, unakutana na neno moja tena na tena. Ualimu. Alikuwa anasomea ualimu. Angekuwa wa kwanza kwao kupata digrii, ya ualimu.

Kulikuwa na hashtegi iliyosema 147 si namba tu, kila mmoja alikuwa mtu. Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka, picha moja moja, jina moja moja. Ilikuwa nzuri na ya haki. Ila hesabu ya mwisho ilikuwa 148, na hashtegi ilikuwa imeshasafiri dunia nzima na 147. Mpaka leo ukitafuta utakuta watu wanaandika 147. Kwenye kampeni ya kusema kwamba watu si namba, mtu mmoja alibaki nje ya namba. Huwa linanisumbua sana hilo.

Pia mtakumbuka kelele za Paris. Miezi mitatu kabla, Januari, watu 12 waliuawa kwenye shambulio la Charlie Hebdo, na viongozi wa dunia wakashikana mikono barabarani. Wakenya wengi, na Waafrika wengine, wakauliza: wa Garissa nani atatembea? Swali zuri. Lakini nikiwa mtu wa huku nina swali lingine la nyumbani. Nani alikuwa ametembea kwa ajili ya Garissa kabla ya hapo? Mwaka 1980 nani alitembea?

Kitu kingine kilichopotea kwenye kelele ni akina nani walifanya. Watu walisema ni wageni, wamevuka kutoka Somalia, ni ukosefu wa elimu. Mmoja wa wale wanne alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, mwenye digrii ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake alikuwa ameripoti mapema kwamba kijana wake amepotea. Na anayetajwa kuwa mpangaji mkuu aliwahi kufundisha madrasa hapa hapa Garissa; aliuawa Somalia mwaka 2016. Watatu waliopatikana na hatia ya kusaidia walifungwa Julai 2019, wawili miaka 41, mmoja, raia wa Tanzania, maisha. Kwa hivyo ile nadharia ya "wangesoma wasingefanya" iweke kando kidogo. Huyu alikuwa amesoma kuliko mimi. Alikuwa amesoma kuliko wengi waliokufa, ambao walikuwa bado wanatafuta hiyo digrii aliyokuwa nayo.

Baada ya pale, chuo kilifungwa. Wanafunzi waliobaki wengi walihamishiwa Moi University, Eldoret. Garissa ikabaki na amri ya kutotoka usiku, na serikali ikafunga kampuni 13 za hawala, zile zinazotumiwa na familia kupokea pesa kutoka kwa ndugu walio nje. Zilifunguliwa baada ya miezi kama miwili. Kwenu huenda ilikuwa habari ya saa moja usiku. Kwetu ilikuwa karo, dawa na unga. Mji ambao ulikuwa umepoteza wapangaji wake, wateja wake na wanafunzi wake ukaambiwa pia ndio mshukiwa.

Kulikuwa na watu waliosema kifungwe kabisa. Kifanywe kambi ya jeshi, au kiwe kumbukumbu tu. Naelewa hisia hiyo kwa mzazi aliyempoteza mtoto, na sitabishana naye. Lakini wengine waliosema hivyo walikuwa wakubwa tu wa redioni ambao hawakuwahi kukitaka chuo hicho kiwepo tangu mwanzo. Chuo kikafunguliwa tena Januari 2016, kikiwa na kituo cha polisi ndani. Waliorudi walikuwa makumi tu, wengi wao wa hapa hapa, wale waliojilipia wenyewe. Mhadhiri anaingia ukumbi wa watu mia mbili, anawakuta wanane. Na Oktoba 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, kikatoka chini ya Moi, kikawa Garissa University. Miaka miwili na nusu. Kuna vyuo vya bara vyenye utulivu wote wa dunia ambavyo vilingoja hati kwa muda mrefu kuliko huo.

Sasa rudi kwa yule mwalimu wa Kisii.

Tarehe 22 Novemba 2014, yaani miezi minne kabla ya chuo, basi lilisimamishwa Mandera likielekea Nairobi. Watu 28 waliuawa, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda nyumbani likizo ya Desemba. Shule zilipofunguliwa Januari, walimu wengi wa kutoka daun Kenya walikataa kurudi, na huwezi kuwalaumu. Wakapiga kambi Nairobi kudai wahamishwe. Halafu chuo kikashambuliwa. Halafu Januari 2020 walimu watatu wakauawa kwenye shule ya Kamuthe, hapa kaunti ya Garissa, na TSC ikawaondoa walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Waliobaki darasani ni wenyeji wachache waliosomea, na vijana waliomaliza kidato cha nne jana ambao wanafundisha kwa posho ya wazazi.

Mimi nina binamu zangu waliofanya KCSE bila kuwahi kumwona mwalimu wa fizikia. Si kwamba alikuwa mbaya. Hakuwepo. Walikuwa wanasoma kitabu wao kwa wao, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanaandika. Matokeo yakitoka, watu wanaweka kwenye mtandao ile orodha ya kaunti, sisi tuko chini, na komenti zinaanza kuhusu waria na ngamia.

Ndiyo maana nasema ukitaka kuelewa kile chuo usikipime kwa tarehe. Kipime kwa walimu. Kiliwekwa pale kwanza kwa sababu eneo hili halina walimu. Kikashambuliwa kikiwa kimejaa watoto wanaosomea ualimu. Na leo ndicho chuo kikuu cha umma kilicho karibu zaidi na shule ambazo hazina walimu. Waliokishambulia walijua wanachogusa, hata kama sisi wengine tuliona tu majengo.

Na kabla hujaniambia kwamba huku dini zimegawanyika kabisa: 21 Desemba 2015, miezi minane baada ya chuo, basi lingine lilisimamishwa Mandera, watu wenye bunduki wakawaambia abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao hijabu. Mmoja wa waliopigwa risasi kwa kukataa alikuwa Salah Farah, alikufa hospitalini Januari 2016. Kazi yake? Naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi.

Najua wapo watakaosema nakitetea chuo mno. Sikitetei. Kina matatizo ya kila chuo cha umma cha Kenya: pesa zinachelewa, wahadhiri wanagoma, kozi nyingine unashangaa zinafundishwa na nani. Na nina lawama moja kwa mji mzima, si kwa uongozi wa chuo peke yao. Tumechagua kunyamaza. Tunadhani tukinyamaza sana jina litasafishika. Mwezi wa nne unafika, sala fupi, maua, basi. Mtoto wa sekondari wa Garissa leo hana mahali anapofundishwa kuhusu 2015, kama vile mimi sikuwahi kufundishwa 1980 darasani. Niliisikia kwa mzee wa duka la kitambaa, akipima shuka, kama vile anazungumzia hali ya hewa.

Tazama Virginia Tech, Marekani. Mwaka 2007 mwanafunzi mmoja aliua watu 32 pale. Kwa muda jina hilo lilikuwa na maana moja tu. Leo mtu akitaja Virginia Tech unaweza kufikiria injinia, au mpira wao. Waliweka mawe ya ukumbusho 32 katikati ya chuo, mahali ambapo kila mwanafunzi anapita akienda darasani, halafu masomo yakaendelea. Sisemi tuige mawe. Mawe tunayo ya kutosha. Nasema wao hawakuficha, na jina lilipona bila kufichwa.

Na kwenu nyinyi mlio nje ya huku, hasa wewe uliyemaliza fomu foo na unasubiri nafasi za KUCCPS: kuna mchezo mnaufanya kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu akiitwa Garissa mnamtumia emoji za jeneza. Nimeona picha za hizo meseji. Mnaona ni utani wa mtaa tu. Anayeusoma huenda ni dada wa mmoja wa wale 142, maana wale watoto walitoka karibu kila pembe ya hii nchi, si kwetu. Makaburi yao yako Kakamega, Kitui, Kisii, Nakuru. Chuo kilikuwa chetu, msiba ulikuwa wenu pia.

Kama umeitwa huko, uliza maswali ya kawaida ambayo ungeuliza chuo chochote. Kozi imeidhinishwa? Bweni lina nafasi? Maji yanapatikana saa ngapi? Usalama pia uliza, uliza kabisa, ni haki yako na ya mzazi wako, na usikubali jibu la "kila kitu kiko sawa". Uliza nani yuko getini usiku. Ukishajibiwa, amua. Ukija, njoo na nguo nyepesi na kofia, na usinunue maji ya chupa kila siku, utafilisika kabla ya mtihani wa kwanza.

Abti wangu bado anafundisha. Shule yake ina madarasa sita siku hizi, na walimu watatu. Muhula uliopita walipata mwanafunzi wa mafunzo ya ualimu kutoka Garissa University, msichana wa Mwingi, alikaa miezi mitatu akifundisha Kiswahili na hesabu. Alipoondoka darasa la saba walikataa kuingia kipindi cha hesabu siku mbili. Sasa wanauliza kama watapelekewa mwingine Januari.